Papa Alisali Macho Wazi

Hasira hii nimeibeba miaka mingi, na sehemu yake kubwa ni hasira juu yangu mwenyewe. Nasema hilo kwanza, anayesoma asidhani nimekuja kuwashtaki wengine tu.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa fundi wa kushona. Wazazi wangu walitoka Butembo, wakakaa kwanza Komanda, kisha wakahamia Bunia nilipokuwa bado mdogo. Cha Komanda sikumbuki kitu isipokuwa vumbi la malori. Mambo ninayoyasimulia yalitokea miaka ya sabini ikielekea mwisho, wakati mimi nilikuwa msichana mkubwa na mwimbaji katika korali ya kanisa letu.

Kila Jumapili papa alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, hata kama benchi za mbele zilikuwa tupu. Watu waliposimama kuomba, wote wakipaza sauti kwa pamoja kama ilivyo desturi yetu, yeye alibaki amekaa kimya, mikono juu ya magoti, macho wazi, akitazama nje. Hakupiga magoti. Hakulia. Sikumsikia hata mara moja akitoa ushuhuda mbele ya watu. Mimi nilisimama mbele na korali katika kitenge chetu cha sare, na kila nilipochungulia nilimwona vile vile, nikaona haya. Baba za wenzangu waliomba hadi mishipa ya shingo ikasimama. Wangu alikaa kama mtu anayengoja lori.

Kulikuwa na shemasi mmoja mwenye duka la vitambaa. Abakosti yake, ile suti ya enzi zile isiyovaliwa na tai, haikuwa na mkunjo hata mmoja, na akiomba, ungedhani mabati ya kanisa yatang'oka. Yeye ndiye aliyempelekea pasta maneno kwamba fundi wa kushona hafungi macho wakati wa maombi.

Mama aliposikia alicheka kwa uchungu. "Na yeye aliona namna gani? Macho yake mwenyewe ilikuwa inafanya nini?"

Lakini jambo halikuishia hapo. Shemasi aliongeza la pili. Papa alikuwa na rafiki Mwislamu, mchimba dhahabu wa Mongbwalu, aliyekuja mara kwa mara kushonesha nguo. Saa ya sala ikimkuta kwetu, papa alisimamisha mashini, akamtandikia kitambaa safi kwenye baraza, akangoja bila kelele hadi rafiki yake amalize. Watu walipita barabarani na kuona. Komite ya kanisa ikamwita papa, na mimi nikaitwa pia, kama mtoto wa nyumba na mtu wa korali.

Shemasi ndiye aliyeniuliza. "Mutoto, sema kweli mbele ya Mungu. Papa yako anasalaka kwenye nyumba?"

Papa alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kunyamaza. Lakini pasta alikuwa akinitazama kwa upole, na mimi nilitaka anione kuwa msichana wa Mungu, tofauti na mzee huyu baridi aliyenizaa.

"Mi sijamuona hata siku moja," nilisema.

Papa aliniangalia, kisha akaangalia mlango. Hakujitetea.

Wakamkataza Meza ya Bwana miezi sita. Katibu alisoma uamuzi ule mbele ya kanisa zima, kati ya tangazo la mkutano wa akina mama na tangazo la kufagia kiwanja, na mara tu alipomaliza korali iliitwa kuimba. Nikaimba. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Mwezi uliofuata, siku ya ushirika, shemasi alipofika benchi la mwisho aliinua sahani ya mkate juu, akaipitisha juu ya kichwa cha papa hadi kwa mtu aliyekaa kando yake. Aliipitisha polepole, kila mtu aone.

Wiki chache baadaye yule rafiki alifika kutoka Mongbwalu. Papa alikuwa ameenda sokoni kutafuta uzi. Mama alimweleza yaliyotokea, na yule mzee akabaki amesimama na kofia yake mkononi.

"Wanamupa azabu juu yangu?" aliuliza.

"Juu yako, na juu ya macho," mama alisema.

"Juu ya macho!" Alikaa chini kwa nguvu, akanigeukia. "Na weye, mutoto wangu, unajua papa yako alipata nini kule Komanda?"

Sikujua. Mama alijua, lakini papa alimkataza kusema. Siku ile mama hakumzuia mgeni.

Mwaka wa uasi, miaka ya sitini, kabla hatujahamia Bunia, alisema, papa na mdogo wake walikuwa katika kanisa dogo la udongo nje ya Komanda, pamoja na watu wachache wakiombea amani. Papa ndiye aliyeongoza. Yeye mwenyewe aliwaambia watu wafunge macho. Wenye bunduki waliingia mlangoni wakati wakiomba. Papa alipofungua macho, mdogo wake alikuwa chini, na wengine walikuwa chini pamoja naye. Alitoka kwa dirisha akakimbia hadi barabarani. Huyu mgeni wetu alikuwa dereva wakati huo. Alimficha chini ya magunia ya kahawa akamfikisha Irumu.

"Nilimusikia kule chini ya magunia," alisema. "Alisali mupaka tulifika. Mi sijasikia mutu anasali vile, kwetu wala kwenu."

Papa aliporudi nilimfuata kwenye mashini. Nilimwuliza kama ni kweli. Alikata uzi kwa meno kwanza.

"Nikifunga macho, mudogo wangu anakufa tena," alisema. "Basi ninamuomba Mungu macho wazi. Yeye hajanikataza."

"Juu ya nini haukuwaambia komite?"

"Walisha kuamua mbele ya kuuliza." Kisha, bila ukali, "Na weye, unafikiri ninaamkaka mbele yenu kila asubuhi juu ya kufanya nini?"

Miaka yote nilidhani anaamka kabla yetu ili atie mashini mafuta.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilitoka kwenye mstari wa korali nikasema yote. Sikuomba ruhusa. Nilimwonyesha shemasi kwa kidole. Niliuliza ni nani kati yao aliyewahi kukaa chini na papa hata mara moja akamwuliza habari zake. Wanawake wengine walilia. Shemasi alisimama, "Mutoto, kaa chini! Weye ni nani wa kufundisha wazee?" Nikaondolewa katika korali.

Nilidhani papa atafurahi. Alinisubiri nje ya nyumba, na sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Kifo cha mudogo wangu si ushuhuda wako," aliniambia. "Ulichukua kitu yangu bila kuniomba."

Katikati ya juma pasta alikuja na wazee wawili. Wakanywa chai yetu. "Muzee, kanisa limekusamehe," pasta alisema. Limekusamehe! Nilitamani kuwanyang'anya vikombe. Papa alisema aksanti, na siku ya ushirika alipokea mkate pale pale kwenye benchi la mwisho. Hakuna aliyesoma tangazo lolote mara hii. Aibu waliitoa mbele ya watu wote, msamaha wakauleta nyumbani kimya kimya, na hata huo haukuwa wao wa kutoa.

Shemasi hakuja kabisa. Nilimwambia papa kwamba mtu yule ni mnafiki, kelele tupu.

"Unajua je?" papa aliniuliza. "Ulifungua roho yake ukaona ndani? Na weye unamupima na sauti yake."

Neno hilo lilinikasirisha siku nyingi, maana lilikuwa kweli. Hadi leo sijui ndani ya shemasi yule mlikuwa na nini. Kumpenda sikuweza. Niliacha tu kusema kwamba namjua.

Katika miaka ya themanini, nikiwa nimeolewa, niliwekwa katika kundi la akina mama waliowasikiliza wanaoomba ubatizo. Siku moja alikuja msichana kutoka machimboni, midomo imepakwa rangi, kucha nyekundu, akitafuna pipi wakati mama mmoja akiomba. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilitaka kumwambia aende kwanza akajisafishe. Nililimeza kwa shida, nikamvutia kiti, nikamwuliza nini kilimleta kwa Mungu.

Alizungumza hadi chai ikapoa. Wenzangu walitaka aambiwe arudi mwaka ujao, akiwa amebadilika; mimi nilitaka apokewe vile vile alivyo. Tuligombana sana siku ile, sauti zikasikika hadi barabarani, na mimi sikushusha yangu.