Shahidi Niliyemuita Mwenyewe

Wasomaji, mpaka leo masikio yananiwaka. Mimi ni wakili wa makampuni hapa Kolwezi. Mfanyakazi akishtaki tajiri, mimi ndiye ninayesimama upande wa tajiri.

Juzi nilisimama dhidi ya dereva mmoja wa shimo la madini la Mashamba. Alifukuzwa kwa kutofika kazini, naye akajitetea kwamba alikuwa kwenye matanga ya mama mkwe wake. Mkuu wa wafanyakazi aliniapia kwamba hakuna aliyekufa, nami sikuuliza zaidi. Nikanyoosha suti yangu ya abacost, nikanguruma:

"Citoyen Juge, huyu anatuchezea! Alete hata mutu mumoja tu aliyeona hiyo maiti!"

Dereva akageuka, akatazama benchi za nyuma. Hapo nikaona kisogo chake, na kovu refu lililokipasua katikati. Kovu lile nililijua! Kabla ya mvua kuanza, mke wangu alinivuta twende mtaa wa Dilala, kwa mama mmoja wa kwaya yao aliyefiwa na mama yake. Wabebaji wa jeneza walikuwa wachache, nikatoa bega langu. Njia nzima hadi makaburini nilitazama kisogo kile.

"Uko na huyo mutu?" hakimu akamuuliza.

"Niko naye, Citoyen Juge. Nilikuwa nasikia haya kumusema mbele ya batu." Akanigeukia mimi wakili polepole, kwa heshima zote. "Tata avoka, si ni weye ulibeba sanduku ya mama nyuma yangu?"