Mkalimani Aliyesema Hajui

Kuna Jumapili moja hapa Ikutha haijanitoka akilini, mwanangu, ingawa siku hizi mengi yananitoka. Nilikuwa msichana. Mjomba wangu Mutua ndiye aliyekuwa mkalimani wa kanisa letu: mgeni akihubiri kwa Kiingereza, yeye husimama kando yake akigeuza kwa Kikamba. Aliipenda kazi hiyo kuliko shamba lake, na mkewe alilisema hilo waziwazi.

Siku hiyo mhubiri mgeni akasema kwamba mbele za Mungu sisi sote ni nescient. Mjomba akakwama. Kanisa zima likamwangalia. Kisha akamwambia mgeni kwamba neno hilo halijui, akatugeukia na kutuambia hivyo hivyo kwa Kikamba.

Vijana wakacheka. Mgeni hakucheka. Akaeleza kuwa neno hilo limetoka katika Kilatini, "si" ikaunganishwa na "kujua": ni hali ya mtu ambaye jambo halijamfikia bado. Si upumbavu wala ukaidi, akasema, na hata msomi yuko hivyo kwa yale ambayo hajajifunza. Mjomba akayageuza yote, polepole.

Baada ya ibada mzee wa kanisa akamvuta kando. "Umetuaibisha, Mutua. Si ungeweka tu neno lolote?"

"Halafu waende nyumbani na maneno yangu wakifikiria ni ya Mungu?"

Jumapili iliyofuata kazi ikapewa kijana mwenye suti, asiyekwama kamwe. Mjomba akawa anakaa benchi la nyuma, na iliniuma kumwona hapo. Hakuna aliyemwomba msamaha mpaka tukamzika. Lakini daktari wa mifugo alipokuja kutufundisha kuchanganya dawa ya kupe, na yule kijana akajitokeza kutafsiri, akina mama walikataa.

"Muite Mutua," wakasema. "Huyu tutajuaje kama amejua?"

Nimechoka, mwanangu. Humu nyumbani nikiuliza kitu najibiwa kabla sijamaliza, mtu ana simu mkononi, na kesho jibu ni lingine. Ukiulizwa usichokijua, sema hujui, halafu nenda ukaulize. Kutojua si aibu. Ni mahali tu ulipofika. Itakugharimu, sikudanganyi, maana mjomba ilimgharimu kazi aliyoipenda. Ila watu wakiwa na jambo la kufa na kupona, watajua ni nani wa kumwita.

Mungu akupe ujasiri wa kusema hujui mbele ya watu, na akupe watu watakaokusubiri mpaka ujue.