Sampuli Aliyoichemsha Mama

Mama alichemsha sampuli. Tena aliichuja kwa kitambaa cheupe, akaipoza, akaileta mwenyewe hadi maabara ninapofanya kazi, Kericho, amevaa nguo za kanisa.

"Mama, nilisema maji mabichi!"

"Sasa mimi nipelekee watu wa ofisi maji mbichi? Watasema sisi ni watu gani?"

Nilitaka kufoka, nikajikuta nacheka. Tulikuwa tunatafuta radoni, hewa yenye mionzi inayotoka kwenye miamba na kujificha majini. Ukichemsha maji, inakwenda zake na mvuke. Kisima kimoja ng'ambo ya bonde kilikuwa kimefungwa kwa sababu yake, na sasa watu waliinyooshea kidole chemchemi yetu, iliyo chini ya shamba la majani chai. Ikifungwa, mama na wenzake wangerudi kuteka mtoni na kupanda mlima mzima na mitungi mgongoni. Mama aliitetea kila mahali, hata kwa chifu: mwenye shaka aje anywe.

Jumamosi nikaenda mwenyewe. Nililala kifudifudi kwenye matope, mama amenishika miguu, nikaizamisha chupa na kuifunga humo humo majini ili hewa isitoroke.

"Umesoma miaka yote hiyo ukuje kulala kwa matope," akasema. Nilicheka nusura nitumbukie.

Siku hiyo hiyo nilirudi maabara. Niliyavuta maji kwa sindano, polepole, nikayaingiza kwenye kichupa, chini ya mafuta maalum ambayo hutoa mwanga yakiguswa na mionzi. Mwanga huo ni mdogo mno kwa macho. Mashine ndiyo huuhesabu gizani. Nikakifunga kichupa, nikakitikisa, nikakiacha kitulie. Naipenda kazi hii, sifichi. Lakini siku hiyo nilikagua kila hatua mara mbili, maana nilijua ni nani angebeba mtungi.

Matokeo yalipotoka niliruka kama mwendawazimu. Radoni ilikuwa kidogo sana, haina madhara. Nikampigia simu.

"Mama, maji ni safi. Kunyweni."

"Kweli kabisa?"

"Kweli kabisa."

"Kongoi, asante, Mungu wangu." Kisha akashusha sauti. "Usiambie wale wamama wengine. Tangu hiyo kisima ifungwe, mimi nakunywa tu maziwa."

Nikasikia kikombe kikigonga mtungi, kisha mama akimeza, akimeza, bila kupumzika.