Mshika Meza wa Brighton-le-Sands

Callixte Bigirimana ameshafika ufukwe wa Brighton-le-Sands mara kumi na moja, na hata siku moja hajawahi kuuona mchana wake. Alfajiri yake anaijua kama sala ya baba yetu: mabibi wenye kofia za mpira wanaoingia majini kabla ya jua kana kwamba wanakwenda kazini, mbwa wanaowatembeza watu wenye usingizi, na ndege ya kwanza inayoshuka juu ya ghuba baada ya saa kumi na mbili, maana kabla ya hapo uwanja wa ndege hauziruhusu kutua. Yanayotokea saa nne na kuendelea anayajua kwa kusimuliwa.

Chanzo ni meza. Kando ya ufukwe kuna vibanda vyenye meza ya zege, na majiko ya umeme ya kuchomea nyama. Ni bure, unabonyeza kitufe tu linawaka. Vibanda ni vichache, familia za Sydney ni nyingi, na aliyewahi ndiye mwenyewe. Katika kambi ya wakimbizi ya Kigoma, alikokulia Callixte, mtu aliweza kuweka jiwe kwenye foleni ya maji akaenda zake, na jiwe likaheshimiwa kama yeye. Huku jiwe halina hadhi hiyo. Huku lazima aketi mtu.

Mwaka wa kwanza wa matembezi yao ya kila mwaka, kabla Callixte hajajiunga, kundi la Waswahili wa magharibi ya jiji, yaani Wakenya, Watanzania, Warundi na yeyote anayeelewa neno pilau, walikula wakiwa wamekaa kwenye majani, na ndege wa baharini wakala nao bila kukaribishwa. Mwaka wa pili Wilkister, muuguzi kutoka Kisumu na mwenyekiti kwa kura ambayo hakuna anayekumbuka kuipiga, alimgeukia Callixte.

"Baba Hope, wewe si hutoka shift alfajiri? Si uko macho tu? Pitia huko utushikie meza."

Callixte huendesha forklift, gari la kunyanyulia mizigo, usiku kucha katika ghala moja la Wetherill Park. Hoja ya Wilkister ilikuwa na kasoro ndogo, nayo ilionekana siku yenyewe ya matembezi: magari yalipofika saa tano, mshika meza alikuwa amelala juu ya meza, amejifunika gubigubi blanketi zito lenye picha ya simba. Walimhamishia kwenye benchi, yeye na simba wake, na hakuamka mpaka mikeka ilipokuwa inakunjwa. Ikawa hivyo kila mwaka. Katika picha zote za kundi, nyuma ya watu wanaocheka, kuna blanketi. Wageni huuliza kama ni mizigo.

Callixte si mtu wa manung'uniko, ila ni mtu wa kutaka kujua. Amekusanya ushahidi kama mwanahistoria. Muriuki, fundi umeme, huapa kwamba kila mwaka kuna mechi ya mpira na kwamba yeye hufunga. Wilkister husema kuna sala na hotuba fupi. Waliosikia hotuba hawalitumii neno 'fupi'. Husemwa pia kwamba Nkatha, mwenzao mmoja, aliingia baharini na wigi akatoka bila, ingawa ni mwaka gani, mashahidi hawakubaliani.

Mwaka huu swali lilitoka nyumbani kwake, Macquarie Fields, jioni ya Ijumaa, akiwa anafunga kamba za buti aende kazini. Binti yake Hope, mwenye miaka tisa, ambaye humwita Papa, alisimama mlangoni. Baba huongea Kiswahili, binti hujibu kwa Kiingereza, na mtu wa nje angedhani ni redio mbili zimewekwa dirisha moja, lakini huelewana.

"Papa, kesho utaniona nikiogelea?"

Hope alikuwa amejifunza kwenye bwawa la manispaa, na sasa alitaka kuogelea pale baharini palipozungushiwa wavu wa kuzuia samaki papa, kutoka kwenye ngazi hadi nguzo za mwisho. Alikuwa ameangalia majedwali ya maji kupwa na kujaa: saa nne, si zaidi, kwani baada ya hapo maji yangekuwa ya magoti.

"Nitakuona, ma fille, binti yangu."

"Mwaka jana ulisema hivyo."

"Mwaka jana nililala."

"Sawa. Ukilala tena, sitakuomba tena."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya treni, na ndicho kilichomtia baba yake baridi.

Kwa hiyo Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, Callixte alitandika blanketi juu ya meza kama bendera ya umiliki, akaapa kutoligusa. Alikunywa kahawa. Alitafuna pilipili mbichi. Alimpigia binamu yake Fiacre aliyeko Bujumbura na kumsikiliza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Aliizunguka meza mpaka mbwa wakaanza kumshuku.

Meza ya jirani ilikuwa na mshikaji wake, mzee Mlebanoni wa Bankstown, na birika lake la kahawa. Miaka yote hiyo hawakuwahi kuulizana majina. Uhusiano wao ulikuwa kama wa nchi mbili zenye mpaka mmoja: salamu kila alfajiri, na macho wazi. Mwaka wa sita sanduku la barafu la mzee lilivuka likaegemea meza ya Callixte. Callixte alilirudisha kwa ncha ya buti. Jambo hilo halijazungumzwa hadi leo.

Saa nne kasoro Hope akafika na mama yake, taulo mabegani. Sufuria zilikuwa kwa Wilkister, naye aliandika kwenye kundi la simu, "Niko njiani tu," maana yake anatafuta funguo za gari.

"Mimi naingia naye majini," alisema mama Hope. "Meza je?"

Meza ilikuwa na wachumba. Familia moja ya watu kama ishirini ilikuwa imeizunguka tangu saa mbili, na mama mmoja alishamuuliza Callixte mara tatu kama anaondoka. Hope aliitazama meza, akamtazama baba yake, akashuka kuelekea majini. Kwenye nguzo za wavu, alama ya unyevu tayari ilikuwa kiganja kizima juu ya maji.

Callixte akavuka mpaka.

"Mzee, binti yangu anaogelea. Nishikie. Dakika tano."

Mzee alimtazama kuanzia buti hadi kichwani. "Dakika tano za saa, au za kwenu?"

"Za kwetu," Callixte alikiri.

Mzee akacheka, jino la dhahabu nje. "Nenda. Mimi nina wajukuu tisa. Hakuna anayeniita nimwangalie. Wananiita nyama ikiiva."

Callixte alikimbia. Jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba bahari, ambayo kwa miaka kumi na moja aliijua kuwa ya kijivu, ilikuwa ya kijani. La pili ni kwamba uogeleaji wa Hope haukuwa ule wa kwenye televisheni. Alikwenda upande, akarudi, akakohoa, mama yake pembeni. Katikati alisimama, akainua kichwa, akaangaza ufukweni kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

Callixte aliingia majini hadi magotini na buti zake, akainua mikono yote miwili. Fulana yake ya kazini ya rangi ya chungwa, iliyoshonwa ili watu wasigongwe na forklift, haijawahi kufanya kazi nzuri kuliko siku ile. Hope alirudisha uso majini, akaenda mpaka nguzo ya mwisho.

"Uliona?" aliuliza alipotoka, meno yakigongana.

"Ulisimama katikati. Mguu wa kushoto unapiga kuliko wa kulia. Maji umekunywa mara mbili."

Hope alifurahi sana. Sifa mtu huweza kuzitoa akiwa amelala; makosa lazima awe ameyaona.

"Mara tatu," alisahihisha.

Kisha Callixte aliketi kwenye ngazi, kwa dakika moja tu, akiegemea ukuta.

Wilkister alifika saa tano na nusu na sufuria yake, akalikuta blanketi mezani, na chini yake mwili unakoroma. Akapiga picha, akaituma kwa kundi: *Baba Hope, kama kawaida.* Halafu akavuta ncha ya blanketi. "Buda, hamia benchi, chakula kimefika."

Blanketi likamjibu kwa Kiarabu.

Mzee alikula pilau sahani mbili, wajukuu wake wakaletwa, na meza mbili zikawa nchi moja mpaka jioni. Callixte aliamka palepale kwenye ngazi, mikeka ikikunjwa. Muriuki alimwambia kwamba alifunga mabao mawili.

Kwenye kundi, watu walikuwa bado wanaicheka ile picha: Callixte hana jipya, Callixte na simba wake. Njiani kurudi, Hope alichukua simu ya mama yake na kuandika polepole, kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa kawaida huisikiliza tu:

*Huyo si Papa. Papa aliniona.*