Picha Yangu ya Maua Meupe

Nataka niwataje walioninyang'anya meza yangu sokoni. Majina siandiki, wenyewe wanajijua. Wa kwanza ni yule bwana wa Nakawa anayetengeneza matangazo kwa kompyuta. Wa pili ni wifi yangu. Wa tatu ni mwenyekiti wa safu yetu.

Nilikuwa nakaanga kabalagala, vile vikate vya ndizi na muhogo. Siku moja karai la mafuta ya moto likanipindukia, likala shavu la kushoto na shingo. Nikalazwa miezi. Kutoka nilitoka, basi.

Wifi akasema, "Wifi, watu wamekusahau. Tutengeneze tangazo, tulitume WhatsApp na Facebook, wajue unarudi Jumatatu."

Tukaenda Nakawa. Yule bwana akanipiga picha, akaitazama kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Nnyabo, shavu hili litafukuza wateja."

Akalilainisha mpaka likawa shavu la mtu mwingine. Rangi zikakataa kulingana, akaziondoa zote, picha ikabaki nyeusi na nyeupe. Chini akaweka maua meupe. Juu akaandika kwa herufi za kujipinda: Mama Yetu wa Kabalagala. Habari ya Jumatatu akaiweka chini kabisa, maneno madogo kama chawa.

"Na karai langu liko wapi?"

"Chakula kinachafua picha, nnyabo."

Wifi akasema imependeza, akaituma palepale. Mimi nimeishia darasa la nne, nikanyamaza. Basi niandikeni na mimi, wa nne.

Maana hapa kwetu, picha ya namna ile ikiingia kwenye simu, hakuna anayesoma mpaka chini. Mtu amefariki. Na mimi walijua nilikuwa hospitali.

Jumatatu nikafika na karai langu kichwani. Jirani yangu muuza nyanya akapiga kelele.

"Yesu! Wewe si tulikulilia?"

"Mlinililia lini?"

"Ijumaa! Tena mimi nililia kuwashinda wote. Nirudishie machozi yangu!"

Safu nzima ikacheka. Mimi sikucheka, na sikukasirika. Ngozi ya shavu ilikuwa haisikii kitu, na ndani vilevile.

Kwenye meza yangu alikaa mwanamke mwingine, kapanga soksi. Mwenyekiti akatoa simu, akanionyesha picha yangu.

"Mama, meza ya marehemu hurudi kwangu, nampa anayefuata. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Ssebo, marehemu ndiye anayeongea na wewe."

"Nimeshampa mtu. Nitamwambia nini sasa?"

Muda wote aliangalia ile picha. Mimi hakuniangalia.

Siku hizi nakaangia Lubaga, mbele ya mlango wa nyumba ninayopanga. Jumapili moja muuza nyanya alikuja kunisalimu, akanipiga picha kwa simu yake: shavu lote, mikono yenye unga, kabalagala zikiiva kwenye karai. Akaituma kwa watu wa soko na maneno machache. Yuko hai. Yuko Lubaga.

Kesho yake walikuja wateja wanne. Wa kwanza aliniangalia shavu, akaangalia simu yake, akaniangalia tena.

"Ndiye," akasema. Akanunua sita.

Nikamfungia kwenye karatasi. Soksi bado ziko kwenye meza yangu.