Chura Hatoki Leo

Watu kazini wanasema wifi yangu ana kiburi. Waseme, midomo ni yao. Lakini siku ya zile barua mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya Chura mwenyewe, kwa hiyo nisikilizeni mimi kwanza.

Chura ni pikipiki ya magurudumu manne ya shamba la miti tunalofanyia kazi. Tulimpa jina hilo kwa anavyorukaruka kwenye visiki. Anayemwendesha ni kaka yangu, mlinzi wa mipaka ya shamba. Anayemtengeneza ni mke wa kaka, fundi pekee wa karakana. Mimi ni mtunza stoo, mlango wa pili kutoka kwao. Ndiyo, ukoo mzima! Msimamizi anatuita serikali ya familia, na hacheki anaposema.

Kaka alipomleta wifi nyumbani mara ya kwanza, mimi ndiye niliyesema kaka anaoa gereji. Siku ya harusi kucha zake zilikuwa na mstari mweusi wa grisi ulioshinda sabuni zote. Alianzia kwa mjomba wake, akiosha vyuma miaka miwili bila kuruhusiwa kugusa spana. Anaosha huku anauliza, anaosha huku anauliza, mpaka mjomba akachoka akampa spana ili anyamaze. Mama yangu mzazi alimwambia kazi hiyo haimfai mke wa mtu. Akajibu kwa adabu zote, "Mama, na magari hayo wanapanda waume za watu." Toka hapo mimi nikaacha kumcheka.

Basi, jioni ya siku iliyotangulia tulikuwa mezani kwao. Kaka akasema, huku anatafuna, "Leo kwenye mteremko wa mtoni mkono wa breki ulilegea ghafla. Nimeukamua mara tatu nne ndipo ukashika." Alisema kama anasimulia mvua. Wifi akaweka kijiko chini na hakukiinua tena.

Asubuhi msimamizi akaja karakana na daftari. Kwetu hakuna mtambo unaotoka getini bila saini ya fundi. Saa nne walikuwa wanakuja wageni kutoka makao makuu, na kaka alitakiwa ampakie mkubwa wao ampeleke mtoni akaone miche. Msimamizi akabonyeza mkono wa breki.

"Mbona mgumu kama jiwe? Saini, fundi."

"Mgumu kwa sababu amelala, bosi. Mafuta yake ya breki yamezeeka, yamenyonya maji ya hewani. Akishuka mteremko mrefu breki zinapata moto, yale maji yanachemka, na mkono unabonyea bure. Muulize aliyeshuka naye jana."

Msimamizi akamgeukia kaka. Na kaka yangu, baba wa watoto wawili, mtoto wa tumbo la mama yangu, akatazama viatu vyake. "Ah, ni kidogo tu, bosi. Si tatizo."

Jamani! Nilitamani kumzaba kibao hapohapo mbele ya watu. Aibu niliyoiona sijui niieleze vipi. Mkewe anampigania roho yake, yeye anamwogopa mtu mwenye daftari.

"Umesikia," msimamizi akasema. "Saini. Kama unataka mafuta, jazia yale pale." Akanyooshea kidole kopo la kwenye rafu, lililokaa wazi tangu mvua za mwaka jana, limezibwa kwa kitambaa.

"Yale nayo yameshakunywa maji. Nitakuwa naongeza maji kwenye maji."

"Mafuta ni mafuta."

"Basi panda wewe, bosi. Shuka mpaka mtoni, urudi. Ukirudi nasaini mara mbili."

Msimamizi akaangalia saa yake, akaangalia Chura, akaangalia saa tena. "Mimi sina muda wa michezo. Saa nne awe getini, la sivyo utafute kazi kwingine." Akaondoka zake.

Kaka akamsogelea. "Mama watoto, saini tu. Nitashuka polepole. Usitutie matatani."

Wifi akachukua spana namba nane, akajilaza kando ya gurudumu la mbele, akachomeka mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo, mwisho wa mpira akautia kwenye chupa. "Wifi, panda. Kamua, na usiache mpaka yaishe."

Nikapanda, nikakamua. Mafuta yakatoka meusi kama chai iliyolala, yakatoka mpaka kikopo cha mafuta cha juu, kwenye usukani, kikabaki kitupu na mkono ukawa unapepea hewani. Sasa Chura hatoki, hata aje nani! Kaka akashika kichwa. "Umefanya nini wewe?"

"Bora unilaumu ukiwa hai," akasema. "Wifi, naomba kopo jipya."

Makopo mapya yako stoo kwangu, na hayatoki bila karatasi ya msimamizi. Miaka sita sijatoa hata msumari bila karatasi. Nilisimama mlangoni na funguo mkononi, na nitakuwa mwongo nikisema sikuogopa. Nina watoto wanaosoma. Lakini kaka ni mmoja tu, hata akiwa mjinga. Nikafungua, nikachukua kopo lenye mfuniko ambao haujaguswa, na kwenye daftari nikaandika: limetolewa na mimi.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Akisema "kaza", mimi nakaza mkono na kushikilia. Yeye anafungua nati kidogo, mafuta na mapovu vinapita kwenye mpira, mkono unashuka. Siachii mpaka afunge nati aseme "achia". Ukiachia mapema, upepo unavutwa ndani na kazi yote imekuwa bure. Na kikopo cha juu kisikauke.

"Na wewe usisimame kama mgeni," akamwambia mumewe. "Jazia. Polepole, yakimwagika yanakula rangi."

Kaka akajazia. Kaza, achia, kaza, achia. Mapovu yalikuwa yamepungua, yanapita moja moja, ndipo sauti ikapasuka nyuma yangu: "Nani ametoa kopo hili?"

Nikashtuka, nikaachia.

"Nimeachia," nikasema. Nilitaka kulia.

Wifi hata hakuinua kichwa. "Tunaanza tena. Na wewe bosi, ukitaka kupiga kelele, subiri niseme achia."

Hapo nikapata nguvu. "Kopo nimetoa mimi," nikasema. Msimamizi akatumbua macho, akamgeukia kaka kama anayetafuta mtu mwenye akili. Kaka mikono ilikuwa imelowa. Akaweka kopo chini.

"Bosi, jana breki ilinikatalia mteremkoni. Asubuhi nilikudanganya."

Wageni wakaenda mtoni kwa miguu, na hakuna aliyekufa kwa kutembea. Sisi tulimaliza saa tano na nusu. Wifi akashuka mteremko yeye mwenyewe, akapanda, akashuka tena bila kupumzika. Aliporudi breki zilikuwa zinanuka moto. Akaniambia nibonyeze. Mkono ulikuwa mgumu. Ndipo akasaini.

Mchana zikaja barua za onyo, mbili, ya wifi na yangu, kwa kukaidi amri. Chini pana mstari wa maelezo ya mfanyakazi. Wifi akafuta mikono, haikufutika, akaandika huku anachafua karatasi: "Nimeisoma. Nitarudia." Mimi nikachungulia na kunakili vilevile, hata nukta.

Kaka hakupewa. Alizisoma zetu zote mbili akiwa amesimama, akavua kofia, akaenda mwenyewe ofisini kuomba ya kwake.