Alichokiona Mwosha

Hapa Ng'ambo mwanamume Mwislamu akifariki, anayeitwa ni Mzee Awadhi, fundi magodoro, jirani yangu. Huacha pamba zake, akanawa, akaenda kuosha maiti. Bahili wa maneno kama yeye sijapata kumwona! Mimi ninayeongea hata na kuku wangu nimemchokoza miaka na miaka anipe japo umbea mmoja wa maiti. Hunijibu, "Mwamvita, mwosha huoshwa." Basi, kamaliza.

Ndipo akafa Issa, mtoto wa pekee wa Maua, muuza asali. Alikamatwa Ijumaa akiwa mzima, Jumapili tukaambiwa kafia mahabusu kwa kifafa. Kifafa gani, jamani? Na sisi, wajinga sisi, tulipoulizwa kama daktari ampasue, tukakataa. Tukaona ni kumdhulumu maiti. Awadhi akamwosha, tukazika kabla ya alasiri. Maua alioneshwa uso tu. Alipomuuliza Awadhi, akajibiwa, "Amelala vizuri, dada."

Maua hakuridhika. Alihangaika mpaka hakimu akaagizwa kuchunguza kifo kile. Lakini ushahidi ungetoka wapi? Daktari hakuuona mwili. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha akinyamaza, Issa angebaki kaandikwa kifafa milele.

Awadhi akaitwa. Akasimama anasokota kofia mkononi. Askari wamejaa benchi la mbele. Hakimu akauliza, akauliza tena, yeye anasokota tu. Nilitamani nimfinye! Mwishowe akamgeukia Maua.

"Dada, ya maiti hayasemwi. Yeye hawezi tena kuniruhusu. Niruhusu wewe."

Maua akainuka. "Sema, kaka. Aibu si ya mwanangu."

Akasema. Alama za waya kwenye vifundo vya mikono. Nyayo zimepasuka kwa kipigo. Mbavu zinacheza alipomgeuza. Nililia kwa sauti, karani akanikemea. Baadaye hakimu akatamka kwamba Issa hakufa kwa maradhi, aliuawa kwa kipigo akiwa mikononi mwa waliomfungia. Ni nani aliyempiga, mpaka leo hatujaambiwa.

Tulipotoka nje, Maua alimshika Awadhi kanzu. Nikajua sasa atamsuta kwa uongo ule.

Akauliza tu, "Ulipofika kwenye nyayo, ulimwosha polepole?"

"Polepole, dada. Kwa maji ya vuguvugu."

Hapo Maua akaketi chini mavumbini, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko.